Kusaka jeni za ugonjwa wa baipola: ukoo mmoja, umati wa wagonjwa, au DNA herufi kwa herufi?

Anayetaka leo kutafuta chanzo cha kijenetiki cha ugonjwa wa baipola hukuta njia kadhaa zilizokwisha kukanyagwa na waliomtangulia. Anaweza kuufuatilia ugonjwa ndani ya ukoo mmoja mkubwa, au akachagua jeni chache anazozishuku na kuzipima, au akalinganisha jenomu, yaani DNA yote ya mtu, za maelfu ya wagonjwa na za maelfu ya watu wasio na ugonjwa huo, au akaisoma DNA herufi baada ya herufi ili anase kasoro zilizo adimu. Swali ninaloletewa mara nyingi na wanafunzi wanaoandaa mapendekezo ya utafiti ni ipi kati ya hizo iliyo bora, nalo halijibiki likiachwa hivyo. Kila njia ina kitu inachokiona na kitu kinachoipita mbele ya macho. Kabla ya kuchagua ni lazima mtu aamue anatafuta badiliko la namna gani, la kawaida au la nadra, lenye nguvu kubwa au ndogo, kisha ahesabu watu alionao. Ulinganisho huu unafuata maswali hayo, na mwishoni unamgeukia mgonjwa na jamaa zake, maana nao siku hizi huombwa mate au damu kwa ajili ya utafiti, au huuziwa vipimo.

Kinachotufanya tutafute kwenye jeni

Baipola humpitisha mtu katika vipindi vya mania, ambapo hulala saa mbili au tatu na kuamka akiwa na nguvu tele, husema kwa kasi, hutapanya fedha na kujiona ana uwezo usio na mpaka, na katika vipindi vya sonona ambapo hata kuinuka kitandani huwa kazi. Humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, uwezekano hupanda hadi watu 5 au 10 kati ya 100. Utafiti wa pacha wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba pacha wa kufanana wa mgonjwa naye aliugua katika visa 40 kati ya 100, ilhali kwa pacha wasiofanana visa vilikuwa kama 5 tu. Watafiti hao walikadiria kiwango cha urithi kuwa asilimia 85. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2009, uliotumia kumbukumbu za familia zaidi ya milioni 2, ulipata asilimia 59.

Takwimu hizo husomwa vibaya mara kwa mara. Kiwango cha urithi cha asilimia 60 hakimaanishi kwamba wagonjwa 60 kati ya 100 wameupata ugonjwa kwa jeni na 40 waliobaki kwa misukosuko ya maisha. Wala hakimaanishi kwamba ugonjwa wa mtu mmoja unagawanyika hivyo. Kinaeleza ni kwa kiasi gani tofauti baina ya watu wa jamii fulani zinafuatana na tofauti za DNA zao. Tena takwimu za pacha zina upande wa pili: watu wenye DNA moja wanatofautiana katika ugonjwa huu zaidi ya nusu ya mara. Jeni zimo, lakini hazitoshi peke yake, na mtafiti anayeahidi kupata "jeni ya baipola" ameanza vibaya kabla hajakusanya sampuli hata moja.

Ukoo mmoja au umati wa watu wasiojuana

Njia ya ukoo ndiyo kongwe zaidi kati ya hizi, na hoja yake ni nyepesi kueleweka. Unachora mti wa familia yenye wagonjwa wengi, unachukua damu ya wagonjwa na wazima, kisha unatazama kipande gani cha kromosomu kimesafiri pamoja na ugonjwa kutoka kizazi hadi kizazi. Ushahidi hupimwa kwa alama iitwayo LOD. Ikifika 3, maana yake ni kwamba mpangilio ulioonekana una uwezekano mara 1,000 zaidi ikiwa jeni iko karibu na eneo hilo kuliko ikiwa haiko. Kwa ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo unaorithiwa kupitia jeni moja, njia hii ilifaulu vizuri sana. Eneo lilijulikana mwaka 1983 kwenye kromosomu ya 4, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1993.

Kwa baipola mambo yalikwenda vingine, na kisa chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Watafiti walikwenda kwa Waamishi wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, jamii ya Kikristo ambayo mtu angedhani iliumbwa kwa ajili ya utafiti wa aina hii. Familia zao ni kubwa, nasaba zimeandikwa kwa uangalifu, wametokana na waasisi wachache, na ulevi na dawa za kulevya, ambavyo kwingineko huvuruga utambuzi wa magonjwa ya akili, kwao ni haba. Mwaka 1987 jarida la Nature lilichapisha matokeo yao: jeni ya baipola iko kwenye kromosomu ya 11. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, jarida hilohilo lilichapisha tathmini mpya. Watu wawili katika ukoo ule, waliokuwa wamehesabiwa kuwa wazima, walikuwa wameugua, na tawi jingine la familia lilikuwa limeongezwa kwenye hesabu. Ushahidi wa kromosomu ya 11 ukaporomoka. Mwaka ule wa 1987 kundi jingine lilikuwa limetangaza eneo kwenye kromosomu ya X kwa familia za Israeli, na mwaka 1993 watafiti wenyewe wakaandika kwamba ushahidi wao umefifia.

Wengi huutaja mkasa huu kama hadithi ya uzembe. Mimi siuoni hivyo, kwa kuwa watafiti wale walifanya kazi safi na ni wao waliojisahihisha. Tatizo lilikuwa kwenye dhana iliyobebwa na njia yenyewe, kwamba kuna jeni moja yenye nguvu kubwa inayoushika ukoo wote. Dhana hiyo ikiwa si ya kweli, kila mtu katika mti wa familia anabeba uzito kupita kiasi, na watu wawili tu wanaobadilika kutoka uzima kwenda ugonjwa wanatosha kupindua matokeo.

Njia ya umati, yaani uchunguzi wa jenomu nzima, inaanza na dhana iliyo kinyume. Inachukulia kwamba ugonjwa unatokana na vibadala, yaani tofauti za DNA baina ya watu, vilivyo vingi na vya kawaida, kila kimoja kikichangia kidogo. Mtu hutema mate kwenye kichupa, DNA hutolewa, kisha humwagwa juu ya kijibamba chenye nukta laki kadhaa, na kila nukta husoma sehemu moja ya jenomu ambapo watu hutofautiana kwa herufi moja. Baada ya hapo kazi ni ya hesabu: kwa kila nukta, je, herufi fulani inapatikana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa kundi linganishi?

Mfano mmoja unaonyesha udogo wa tunachokitafuta. Mwaka 2008, kwa kuunganisha wagonjwa 4,387 na watu 6,209 wa kundi linganishi, watafiti waliripoti jeni mbili zilizoendelea kujitokeza katika tafiti za baadaye, ANK3 kwenye kromosomu ya 10 na CACNA1C kwenye kromosomu ya 12. Hii ya pili hutengeneza sehemu ya mlango unaopitisha kalisi kuingia kwenye seli za neva. Kibadala kilichohusishwa na ugonjwa katika CACNA1C kilionekana kwenye takriban nakala 36 kati ya kila nakala 100 za kromosomu za wagonjwa, na kwenye nakala 32 kati ya 100 za watu wengine. Tofauti yote ndiyo hiyo. Theluthi moja ya nakala za watu wazima wa afya zinakibeba kibadala hicho bila kelele yoyote, na karibu theluthi mbili za nakala za wagonjwa hazinacho. Hakuna mti wa familia, hata ungekuwa na matawi mangapi, ungeweza kuiona tofauti ya namna hii.

Udogo huo una gharama yake. Ukipima nukta 500,000 kwa kigezo cha kawaida cha takwimu cha 0.05, utapata "uvumbuzi" 25,000 kwa bahati tupu. Kwa sababu hiyo kigezo kimegawanywa kwa vipimo milioni 1, nacho ni 0.00000005, na kigezo kikali namna hiyo kinadai watu wengi. Mwaka 2007 uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliokuwa na wagonjwa wa baipola wasiofika 2,000 haukupata eneo lililodumu. Mwaka 2019 wagonjwa 20,352 walitoa maeneo 30. Mwaka 2021 wagonjwa 41,917 walitoa 64. Mwaka 2025 muungano wa kimataifa ulichapisha matokeo ya wagonjwa 158,036 waliolinganishwa na watu milioni 2.8, na maeneo yakafika 298. Katika njia hii wingi hauna mbadala, na timu ndogo inayoamua kuifuata peke yake, bila kujiunga na muungano, inapoteza fedha.

Kuna jambo jingine linalozitofautisha njia hizi mbili, nalo ni namna kila moja inavyostahimili makosa ya utambuzi. Baipola hujificha. Wengi huanza na sonona, na miaka hupita kabla mania haijajitokeza, kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayeandikwa leo kuwa mzima anaweza kuwa mgonjwa akifika 27. Katika ukoo kosa moja la aina hiyo hubomoa. Katika umati kosa moja halihisiki, lakini makosa mengi hulichujua jibu kama chai iliyoongezewa maji. Sampuli ya mwaka 2025 iliwachanganya wagonjwa waliohojiwa na madaktari wa akili, waliopatikana kwenye kumbukumbu za hospitali, na waliojieleza wenyewe kwenye dodoso, na watafiti walikuta kwamba makundi hayo hayafanani kijenetiki. Baipola ya aina ya kwanza, yenye mania kamili, inashirikiana zaidi na skizofrenia, na ya aina ya pili inasogea karibu na sonona. Kwa hiyo namba kubwa ya maeneo 298 isisomwe kama orodha ya ugonjwa mmoja uliochorewa mipaka.

Jeni za kukisia

Njia ya kuchagua jeni inayoshukiwa na kuipima kwa wagonjwa mia moja au mia mbili ilitawala miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtafiti alijua kwamba dawa za akili hugusa serotonini na dopamini, kemikali za ubongo, basi akazipima jeni kama SLC6A4, COMT na BDNF. Ilikuwa rahisi na ya haraka, na ilizalisha makala nyingi zilizopingana. Pigo kubwa lilitoka upande wa sonona: mwaka 2019 jeni 18 zilizokuwa zimeandikwa sana zilijaribiwa katika data za hadi watu 443,264, nazo hazikufanya vizuri zaidi ya jeni zilizookotwa ovyo. Baipola ilitumia mbinu ileile na sampuli ndogo zilezile, na kwa maoni yangu njia hii haifai kuchaguliwa tena, hata kwa tasnifu ya mwanafunzi ambaye fedha zake ni chache. Afadhali mwanafunzi huyo achambue upya data za muungano zilizo wazi kwa watafiti, ambazo hazihitaji maabara.

Kujua mtaa au kujua nyumba

Ulinganisho ulio na uzito zaidi leo ni kati ya uchunguzi wa umati kwa kijibamba na usomaji wa DNA herufi kwa herufi, hasa eksomu, yaani ile asilimia 1 au 2 ya jenomu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini.

Udhaifu mkuu wa kijibamba ni kwamba kinakuonyesha mtaa bila kukuonyesha nyumba. Vibadala vilivyo jirani kwenye kromosomu hurithiwa pamoja, kwa hiyo nukta inayong'aa inaweza kuwa haina kosa lolote na mhusika akawa jirani yake. Nukta nyingi pia zimekaa nje ya jeni, kwenye sehemu zinazoongoza lini na wapi jeni ifanye kazi. Katika maeneo 298 ya mwaka 2025, watafiti waliweza kuzitaja kwa imani ya kutosha jeni 36 tu. Eksomu hufanya kinyume. Inakuonyesha moja kwa moja kwamba jeni fulani imekatika katikati na protini yake haikamiliki. Ukipata kasoro ya aina hiyo, mtaalamu wa maabara anaweza kuiiga kwenye panya au kwenye seli na kuuliza kinachoharibika, jambo ambalo ni gumu sana kwa kibadala kinachoongeza hatari kwa sehemu ndogo.

Ila kasoro hizo ni adimu, na uadimu una namna yake ya kudai wingi. Utafiti mkubwa wa eksomu za baipola uliochapishwa mwaka 2022 ulikuwa na wagonjwa 13,933 na kundi linganishi la watu 14,422, na katika data za baipola peke yake hakuna jeni hata moja iliyovuka kigezo. Zilipounganishwa na data za skizofrenia ndipo AKAP11 ikajitokeza. Waliobeba kasoro katika jeni hiyo ni wachache mno, lakini inapoelekea ndipo penye mvuto. Protini ya AKAP11 hushikana na kimeng'enya GSK3, na kimeng'enya hicho huzuiwa na litiamu. Litiamu ndiyo dawa ambayo John Cade aliripoti mwaka 1949 huko Australia kwamba inatuliza mania, na miongo mingi baadaye bado hatujakubaliana inafanyaje kazi. Ni uzi mwembamba bado, na asiufanye mtu kamba. Hata hivyo, kama ningelazimika kumwonyesha mfadhili kitu kimoja kilichotoka kwenye jenetiki ya baipola na kugusa tiba tuliyo nayo mkononi, ningemwonyesha huo.

Kijibamba nacho hakikosi la kusema kuhusu dawa. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ishara za kijenetiki zimerundikana kwenye jeni zinazolengwa na dawa za kutibu saikosisi (hali ya mtu kupoteza mguso na uhalisia), dawa za kuziba milango ya kalisi, dawa za kifafa na dawa za usingizi za upasuaji. Tofauti ni kwamba hayo ni maelezo ya kundi zima la jeni, ilhali eksomu inakupa jeni moja yenye jina. Mwenye nia ya kuelewa picha pana ya ugonjwa na uhusiano wake na skizofrenia na sonona achague kijibamba. Mwenye maabara ya baiolojia inayosubiri jeni ya kuanzia kazi atafaidika zaidi na eksomu, mradi akubali kwamba jeni atakayoipata inamhusu mgonjwa mmoja kati ya mamia au maelfu.

Kusoma jenomu yote ni hatua inayofuata, na gharama yake bado inawabana wengi. Mwaka 2014 jenomu za ukoo wa Waamishi zilisomwa nzima, takriban miaka 27 baada ya tangazo la kromosomu ya 11, na hata hapo, katika jamii ileile iliyoonekana kuwa bora kwa kazi hiyo, haikujitokeza jeni moja inayoeleza ugonjwa wao. Vipande vikubwa vya kromosomu vilivyorudufishwa au kupotea, ambavyo kwa skizofrenia vimekuwa na maana kubwa, kwa baipola vimetoa machache, urudufu wa eneo la kromosomu ya 16 liitwalo 16p11.2 ukiwa miongoni mwa hayo machache.

Kuchagua kwa kutazama ulicho nacho

Mwenye ukoo mmoja wenye wagonjwa wengi asiutupe. Auchunguze kwa kusoma DNA, asitegemee ramani ya LOD peke yake, na asiahidi kwamba atakachokipata kitawahusu wagonjwa wengine. Mfano mwema ni familia moja ya Scotland, iliyoripotiwa mwaka 1990, ambayo kromosomu zake za 1 na 11 zilikuwa zimebadilishana vipande, na ndani yake mlikuwa na watu wenye skizofrenia, sonona na baipola. Sehemu ya mkatiko iliongoza mwaka 2000 kwenye jeni iliyopewa jina la DISC1. Kwa familia ile badiliko lilikuwa na nguvu, na lilifungua milango ya utafiti wa ukuaji wa ubongo. Kwa umma mpana wa wagonjwa, jeni hiyo haikuthibitika kuwa chanzo. Ukoo hutoa baiolojia, na hautoi takwimu za taifa.

Mwenye wagonjwa mia chache ajiunge na muungano, na mchango wake mkubwa uwe ubora wa mahojiano: umri wa kuanza kuugua, idadi ya vipindi, kama palikuwa na saikosisi, dawa zipi zilisaidia. Data kubwa za leo zina njaa ya maelezo hayo kuliko zilivyo na njaa ya vichupa vya mate.

Mwenye wagonjwa kutoka jamii ambazo hazijachunguzwa ana kitu cha thamani zaidi kuliko anavyodhani. Sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na hata mwaka 2025, zilipoongezwa sampuli za watu wa Asia ya Mashariki, Wamarekani wenye asili ya Afrika na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, uwiano ulibaki kuelemea upande mmoja. Hili ni suala la haki, na ni suala la ufundi vilevile. Kwa watu wenye asili ya Afrika, vipande vya kromosomu vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi, kwa hiyo mtaa unaoonyeshwa na nukta huwa na nyumba chache na mhusika anatambulika kwa urahisi. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, uliokusanya sampuli Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini kwa ajili ya skizofrenia na baipola, umesimama juu ya hoja hiyo. Kwa mtazamo wangu, wagonjwa 3,000 kutoka huko wangeongeza maarifa zaidi ya wengine 30,000 kutoka Ulaya ya Kaskazini.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Anayeombwa kushiriki atazame kwamba njia hizi humdai vitu tofauti. Utafiti wa ukoo unawahitaji jamaa wengi wahojiwe, na yaliyofichika huibuka, ikiwemo nani aliwahi kulazwa, nani alijiua, na wakati mwingine nani si mtoto wa anayedhaniwa. Uchunguzi wa umati humwomba mtu mmoja kichupa kimoja, lakini data zake husafiri kwenda kwa watafiti wa nchi nyingi kwa miaka mingi. Usomaji wa eksomu unaweza kukuta jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta, kwa mfano kasoro ya jeni BRCA1 inayoongeza hatari ya saratani ya titi. Kabla ya kutia sahihi, mshiriki aulize iwapo ataambiwa kikionekana kitu cha namna hiyo, na iwapo anaruhusiwa kukataa kuambiwa.

Upande wa vipimo vinavyouzwa, viwili havipaswi kuchanganywa. Cha kwanza ni alama ya hatari inayojumlisha vibadala maelfu. Mwaka 2021 alama hiyo ilieleza chini ya asilimia 5 ya tofauti za uelekeo wa kuugua, na hufanya vibaya zaidi kwa mtu ambaye asili yake si ya watu waliotumika kuitengeneza. Ina kazi katika utafiti. Kwa mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ataugua, swali la "nani mwingine katika familia ameugua?" lina msaada kuliko alama hiyo, tena halilipiwi. Utabiri wa nani atanufaika na litiamu nao haujafika kliniki, ingawa mwaka 2016 uchunguzi wa wagonjwa 2,563 uliripoti eneo kwenye kromosomu ya 21.

Cha pili ni kipimo cha kibadala HLA-B*15:02 kwa anayetarajiwa kupewa karbamazepini, dawa ya kifafa ambayo hutumika pia kutuliza mania. Dawa hiyo kwa watu wachache husababisha ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambapo ngozi na utando wa mdomo na macho hubabuka, na baadhi hufa. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliripoti wagonjwa 44 waliopatwa na madhara hayo, na wote 44 walikuwa na kibadala hicho, huku kwa waliotumia dawa bila madhara kikionekana kwa 3 tu kati ya 101. Desemba 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza wagonjwa wenye asili ya Asia wapimwe kabla ya kuanza dawa.

Watu 44 walitosha pale, na 158,036 hawajatosha kwa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa kule kibadala kimoja kinabeba karibu mzigo wote na huku mzigo umegawanywa kwa mamia. Basi jamaa anayemsindikiza mgonjwa kliniki, akisikia karbamazepini ikitajwa na asili ya familia ikiwa ni ya Asia ya Mashariki au Kusini-Mashariki, aulize kuhusu HLA-B*15:02 kabla ya kidonge cha kwanza, na ile alama ya hatari aiache ilipo.